Ngazi ya Sitini na Tatu

Ngazi za Kadutu nazijua kwa magoti:
mia moja na kumi na mbili, toka sokoni hadi mlangoni kwangu.
Jumanne ile nilifika ya sitini na tatu
nikakaa.
Si kupumzika. Kukaa tu,
kama gunia linavyokaa likishushwa begani.

Mfukoni simu ikatetemeka.
Mwekezaji wa Kigali. Dereva wa pikipiki
aliyepasukiwa na gurudumu Mudaka,
lita themanini za maziwa zikichemka juani.
Kisha jina moja nikalisoma mara tatu
nisikumbuke ni la nani.
Zawadi Cirhuza.
Mhasibu wangu. Tumekula meza moja miaka minne.

Mtu asidhani ni uvivu.
Kampuni hii niliianza kwa mshumaa na kompyuta ya kuazima.
Umeme ukija saa nane usiku, naamka nao;
ukiondoka alfajiri, nabaki macho.
Murhula, tuliyeanza naye, alinionya,
akachoka kunionya,
akapata kazi kwenye shirika, yenye mshahara na bima.
Tuliagana kwa barua pepe.
Sikulia. Nilikuwa na mkutano.

Watu wa semina walipenda kunipiga picha:
binti anayeunganisha ng'ombe wa Walungu na vikombe vya mjini!
Nilitabasamu. Meno yaliuma,
usiku kucha nilikuwa nimeyasaga.
Mwili ulishaanza kudai chake:
nywele kwenye kitana,
chai iliyopashwa mara tatu ikapoa mara tatu,
na ukali ule niliomrushia mtoto wa dada
aliyeuliza tu,
"Mama mdogo, leo ni siku gani?"
Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilifoka.

Kijana akapanda na bidoni ya maji kichwani.
Akanipita. Akarudi ngazi mbili.
"Dada, umeanguka?"
Nikafikiri. Swali lilikuwa la haki.
"Bado," nikamwambia.
Akacheka, akaendelea,
maji yakimdondokea shingoni.

Nikazima simu.
Mara ya mwisho ilikuwa mazishi ya baba,
na hata siku ile niliiwasha kabla hatujatoka makaburini.
Nikangoja mji uanguke.
Kule chini Bukavu ilikuwa imenyoosha vidole vyake vitano ziwani,
mabati yanameta,
wanawake wanagombania bei ya sambaza,
kengele ya shule inalia ikiwa imechelewa.
Hakuna aliyekufa kwa kukosa maziwa yangu.
Iliniuma kidogo, kusema kweli.

Arobaini na tisa zilizobaki nilizipanda bila kuhesabu.

Jioni M'Lwaboshi akashuka kutoka Kabare kudai deni lake,
dola kumi na nne.
Nikamlipa. Akazihesabu mara mbili.
Kisha akanimiminia mashanza kwenye kikombe,
mazito, yaliyolala siku tatu kibuyuni
bila mkono wa mtu kuyatikisa.
Hakusema neno la busara. Ana watoto sita na njia ndefu.
"Kikombe nakihitaji," akasema,
akasimama mlangoni akinisubiri,
na mimi, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini,
nikanywa kitu polepole huku mtu akinisubiri.

Sasa ukutani kuna maandishi ya chaki:
Jumapili tumefunga.
Simu ya usiku ni zamu, Zawadi anashika Alhamisi.
Mwekezaji amesoma ujumbe, hajajibu.
Mauzo yameshuka, na sijui kama yatapanda;
wateja wawili wa Nguba wamehamia maziwa ya unga.
Murhula nimemwandikia. Mistari minne, hakuna hata mmoja wa kazi.

Sijapona. Saa nane usiku umeme ukirudi
bado nashtuka, mguu mmoja uko sakafuni tayari.
Friji inakohoa, inaanza kunguruma.
Naisikiliza.
Naurudisha mguu ndani ya blanketi.
Friji inajua kazi yake.